Punje tatu, masikio mawili: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa miezi 19

Usuli

Familia hii inaishi katika mji mmoja wa magharibi mwa Ujerumani. Mama ni Mtanzania wa pwani, baba ni Mjerumani ambaye kazi humtoa nyumbani karibu nusu ya kila mwezi. Mtoto nitamwita Kito, ingawa si jina lake. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya watoto, na kisa nilikifahamu siku ya tano, mama alipoingia na mtoto mgongoni na daftari mkononi. Ameyasoma haya yote kabla hayajatoka, akaniruhusu. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili wasitambulike.

Kito alikuwa mtoto mzima, chanjo zake kamili. Alikuwa ameanza chekechea miezi miwili nyuma, na kama ilivyo kwa watoto wengi hapa, tangu siku hiyo mafua hayakumwisha puani. Mtoto wa umri huu na mafua yake, sikio haliko mbali. Mrija unaounganisha koo na sikio la kati kwa mtoto ni mfupi, mwembamba, tena umelala karibu usawa, kwa hiyo kamasi zinapojaa nyuma ya pua mrija huziba, majimaji hutuama nyuma ya kiwambo cha sikio, na vijidudu hupata pa kuzaliana.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao baba alipokuwa safarini. Alikuja na kisanduku chake cha mbao chenye vichupa vya punje za homeopathi, yaani tiba mbadala ya dawa zilizozimuliwa mno, kilekile alicholelea watoto wake wanne. Kwa Mtanzania aliyefika juzi, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Homeopathi ilizaliwa hukuhuku: mwasisi wake, Samuel Hahnemann, alizaliwa Meissen mwaka 1755 na kitabu chake kikuu kilitoka 1810. Punje hizi haziuzwi sokoni wala dukani kwa kawaida, bali kwenye maduka ya dawa tu, juu ya rafu moja na dawa za kweli za homa, na sheria ya dawa ya 1976 inaziruhusu kuandikishwa bila majaribio ya kuonyesha kwamba zinaponya. Mgeni anaona herufi A nyekundu ya duka la dawa, anaona mfamasia kavaa koti jeupe, anaona bibi wa mtoto anazo nyumbani. Atashuku nini?

Mfululizo wa matukio

Alhamisi, saa nne usiku, Kito aliamka ghafla akipiga kelele na kuvuta sikio la kulia. Homa nyuzi 38.9. Uso ulikuwa mwekundu, viganja baridi. Mama mkwe alimtazama, akafungua kitabu chake cha dawa, akasema bila kusita: Belladonna. Kwa mujibu wa kitabu, Belladonna ni ya ugonjwa unaokuja kwa kishindo, joto kali, uso mwekundu, mikono baridi, na zaidi upande wa kulia. Punje 5 za C30 (ni kiwango cha kuzimuliwa, nitakieleza mbele) zikayeyushwa kwenye kijiko cha maji. Mtoto alilala saa nane.

Ijumaa asubuhi homa ilikuwa imeshuka na Kito alikuwa akisukuma gari lake la mbao sakafuni. Mama alishika simu apige kliniki. Mama mkwe akamwambia, "Mtoto anayecheza unampeleka kwa daktari akafanye nini?" Kliniki nyingi hapa Ijumaa hufunga mchana. Mchana ukapita.

Usiku ule ulikuwa mbaya. Safari hii kilio kilikuwa cha hasira: anaomba chupa, akipewa anaitupa, hatulii mpaka abebwe na mbebaji atembee. Shavu moja jekundu, jingine limepauka. Kitabu kikafunguliwa tena, na jibu likawa Chamomilla. Ndani ya kabati la bafuni kulikuwa na chupa ya ibuprofeni ya watoto. Mama alipoitaja, mama mkwe alimsihi asimpe: dawa ya kushusha homa, alisema, itaukandamiza ugonjwa ndani na kuivuruga picha, yaani jumla ya dalili, na bila picha dawa haichaguliki. Mama alitembea na mtoto kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yao mpaka kukapambazuka.

Jumamosi simu zilikuwa nyingi. Mama mkwe alimpigia tabibu wa tiba mbadala anayemwamini. Mazungumzo yalichukua dakika 25. Mtoto ana kiu au hana? Anapenda dirisha wazi au lililofungwa? Analia kwa hasira au kwa kudeka? Kamasi nyepesi au nzito, rangi gani? Sasa Kito alikuwa amechoka, ananing'inia shingoni kwa mama, analia taratibu, hataki maji, kamasi za kijani. Pulsatilla. Kutoka upande wa pili, bibi wa Kito pwani alituma sauti kwenye WhatsApp: mtieni mafuta ya nazi ya uvuguvugu sikioni. Shangazi akasema achaneni na mafuta, tafuteni amoksisilini, ile antibaiotiki. Jambo moja tu bibi wawili walilikubaliana bila kujuana, nalo ni kitunguu. Wa pwani alitaka maji yake yadondoshwe sikioni, wa Kijerumani alikikatakata, akakitia kwenye soksi, akaifunga juu ya sikio. Soksi ndiyo iliyoshinda, na namshukuru Mungu kwa hilo, sababu yake itaonekana.

Jumapili alfajiri Kito alilala saa tano mfululizo. Asubuhi kwenye mto kulikuwa na doa la manjano lenye uzi wa damu. Mama mkwe alifurahi: uchafu umetoka, dawa imeuvuta nje. Mama akaandika kwenye daftari, maneno yake mwenyewe nimeyaona: "Pulsatilla imefanya kazi."

Alasiri mtoto alianza tena kulia na akakataa kula. Mama ndiye aliyeliona jambo ambalo hakuna aliyeliuliza kwa siku tatu. Mkono wa Kito sasa ulikuwa kwenye sikio la kushoto.

Jumatatu saa mbili asubuhi walikuwa kwetu.

Daktari alikuta nini

Kuchungulia masikio mawili kwa otoskopu, kile kidude chenye taa, kulichukua muda mfupi kuliko kumvua Kito koti. Kulia: usaha kwenye tundu, na baada ya kuupangusa, kitobo kidogo kwenye kiwambo. Kushoto: kiwambo chekundu, kimevimba kuja nje, usaha umejaa nyuma yake. Nyuma ya masikio hapakuwa na uvimbe wala maumivu, shingo laini, mtoto anakojoa vizuri. Aliandikiwa amoksisilini ya maji kwa siku 7, na ibuprofeni kwa kipimo cha uzito wake. Mama aliambiwa asitie kitu chochote sikioni, si mafuta, si maji ya kitunguu, maana kiwambo kikiwa na kitobo kinachotiwa sikioni kinapita hadi ndani. Dozi ya kwanza ya ibuprofeni alipewa palepale. Baada ya nusu saa alikuwa akila biskuti chumba cha kungojea, na mama alilia.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Ningependa wasomaji wasimcheke mama mkwe. Watoto wake wanne waliumwa masikio, wakapewa punje, wakapona, na anachosimulia ni kweli tupu. Maumivu ya uambukizo wa sikio la kati huisha ndani ya saa 24 kwa watoto karibu 6 kati ya 10, hata wasipopewa antibaiotiki. Baada ya siku chache wengi waliobaki nao hupona. Ugonjwa unaojiondokea wenyewe hivi utampa ushahidi mtu yeyote mwenye kisanduku.

Mama naye hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa ugenini, mume hayupo, Kijerumani chake bado cha kuazima, na aliyekuwa akimshauri ni mama wa mumewe, ndani ya nyumba, saa nane za usiku. Aliniambia: "Dada, mimi nimelelewa mkwe hajibiwi mbele ya mtoto wake. Nitamjibuje mbele ya mjukuu?" Tena hakujua kwamba hapa kuna namba 116117, ambayo usiku na mwisho wa wiki inakuunganisha na daktari wa zamu bila kulazimika kwenda idara ya dharura. Alidhani kuna mambo mawili tu, kliniki ya Jumatatu au gari la wagonjwa.

Tabibu aliyepigiwa simu alifanya alichofundishwa. Wenye leseni ya aina yake hufanya kazi chini ya sheria ya 1939 ambayo haiwadai shahada ya udaktari. Maswali yake yalikuwa mengi na ya makini. Yalikuwa ya kutafuta dawa.

Matokeo

Homa iliisha siku ya pili ya amoksisilini. Baada ya wiki mbili kitobo cha kulia kilikuwa kimejifunga. Kushoto kulibaki majimaji, jambo la kawaida: mwezi mmoja baada ya uambukizo kama huu watoto takriban 4 kati ya 10 bado wana majimaji nyuma ya kiwambo, na baada ya miezi mitatu hubaki kama 1 hadi 2 na kidogo. Kito alikuwa miongoni mwa hao wa mwisho.

Hapa kuna mchepuko ambao wazazi wenzangu wa ughaibuni wataujua. Chekechea waliona Kito hasemi sana na haitiki akiitwa, wakamwambia mama pengine lugha mbili zinamchanganya, azungumze naye Kijerumani tu. Mama alikuwa karibu kukubali. Kipimo cha msukumo wa kiwambo kilionyesha mstari bapa upande wa kushoto, yaani sikio bado limejaa maji, na mtoto wa namna hiyo anasikia kama mtu aliye chini ya maji, iwe Kiswahili iwe Kijerumani. Mwezi wa nne majimaji yalikauka bila upasuaji. Maneno yakaja kwa lugha zote mbili. La kwanza ambalo mama alinitumia lilikuwa "sitaki".

Uchambuzi

Nianze na kitu ambacho hakikuwa kosa, maana wengi huanzia hapo. Kumngojea Kito usiku wa kwanza bila antibaiotiki hakukuwa kosa. Miongozo ya Ujerumani, na ya Marekani ya 2013, inaruhusu kungoja siku mbili hadi tatu kwa watoto wengi wenye zaidi ya miezi sita ambao hali si kali, kwa sharti kwamba maumivu yanatibiwa na mtoto atarudiwa kuangaliwa. (Mwongozo wa WHO unaofuatwa kwenye zahanati zetu nyumbani unampa amoksisilini kila mtoto mwenye maumivu ya sikio, kwa siku 5. Kule huna hakika kwamba mama ataweza kurudi Alhamisi. Shangazi hakukosea, alikuwa anajibu kwa mazingira yake.) Lakini ruhusa hiyo ina mipaka, na mmoja ni huu: mtoto chini ya miaka miwili mwenye uambukizo masikio yote mawili hangojwi. Kito alikuwa na miezi 19. Hatujui sikio la kushoto lilianza lini, kwa sababu hakuna aliyelitazama. Huenda Ijumaa mchana lilikuwa safi na daktari mwenyewe angesema tungoje. Huenda halikuwa.

Hapo ndipo ninapoliona tatizo la kuchagua dawa kwa picha. Uchaguzi ulidai uangalifu mkubwa, na mama huyu aliutoa: shavu lipi jekundu, kilio cha namna gani, dirisha wazi au la. Uangalifu wote ukaishia juu ya ngozi na kwenye tabia. Hata neno "kulia", ambalo kwenye kitabu lilisaidia kuichagua Belladonna, lilitokana na mkono wa mtoto tu. Mtoto mdogo hushika panapouma zaidi, hasemi penginepo pako vipi. Hasira ya Ijumaa, iliyoleta Chamomilla, na unyonge wa Jumamosi, ulioleta Pulsatilla, vilikuwa usaha uleule ukiongezeka na mtoto yuleyule akichoka. Dawa ilibadilika mara mbili. Ugonjwa haukubadilika hata mara moja.

Angalia pia jinsi sifa zinavyogawiwa. Katika ugonjwa unaopona wenyewe, ukibadilisha dawa kila siku, ile ya mwisho ndiyo itakayosifiwa. Belladonna ilipita bure, Chamomilla ikapita bure, Pulsatilla ikakutana na alfajiri ya Jumapili. Na kilichotokea alfajiri ile ni kiwambo kupasuka. Msukumo ukashuka, maumivu yakakatika, mtoto akalala. Nafuu ilikuwa ya kweli, maana yake ndiyo iliyosomwa kinyume. Usaha unapotoka sikioni, daktari huona sababu ya kuanza antibaiotiki. Nyumbani uliandikwa kuwa ushindi.

Je, punje zenyewe zina kitu? C30 maana yake ni kuchukua sehemu moja ya dawa, kuichanganya na sehemu 99 za kimiminika, na kurudia hivyo mara 30. Ukishapita mara ya 12 hivi, uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya mmea ni mdogo mno. Kinachobaki ni sukari. Baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti na mwaka 2015 likasema halikuona ugonjwa wowote ambao homeopathi imethibitika kuuponya. Kwa masikio hasa, kuna jaribio dogo la Seattle lililochapishwa 2001, watoto 75. Daftari za wazazi zilionyesha nafuu zaidi siku za mwanzo kwa waliopewa homeopathi, lakini idadi ya walioshindwa kupona haikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Nalitaja kwa sababu mama mkwe alilitaja, na ana haki ya kujibiwa. Jaribio dogo la namna hiyo hufungua mlango wa kubwa zaidi, halitoshi kumfungia mtoto kabati la ibuprofeni.

Niongeze onyo moja kwa wanaosema "basi, sukari haidhuru". Si kila kichupa ni sukari tupu. Belladonna ni mmea wenye sumu, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba vidonge fulani vya homeopathi vya kuotea meno vilikutwa na kiasi cha belladonna kinachopanda na kushuka, mara nyingine kikizidi sana kilichoandikwa.

Lakini ukiniuliza ni kipi kilimuumiza Kito, sitasema punje. Ni ibuprofeni iliyobaki kabatini usiku nne. Hilo ndilo kosa ambalo siwezi kulipatia udhuru wa kitaalamu. Antibaiotiki inajadiliwa, maumivu hayajadiliwi. Parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo cha uzito haziukandamizi ugonjwa ndani, haziharibu uchunguzi wa daktari, wala hazizuii kiwambo kuonekana kimevimba. Fundisho la "usiivuruge picha" lilimfanya mtoto abebe maumivu ili kitabu kisomeke.

Kilichofanya kazi? Daftari. Nasema hivi kwa moyo wote. Mama alikuwa ameandika homa kwa saa, alichokunywa, nepi ngapi zimelowa, usaha ulitoka lini. Aliyaandika ili kuchagua punje, yakamfaa daktari kuliko maelezo ya wazazi wengi ninaowapokea, na ni daftari hilo hilo lililoonyesha mkono ulipohamia kushoto. Soksi ya kitunguu nayo haikumdhuru, joto na kubebwa humliwaza mtoto. Maji ya kitunguu au mafuta sikioni alfajiri ya Jumapili yangepita kwenye kitobo.

Kuhusu hatari kubwa, tuseme ukweli bila kutishana. Uvimbe wa mfupa nyuma ya sikio, ambao ndio tunaouogopa, ni nadra. Utafiti wa Uingereza wa 2009 ulikadiria kwamba ungehitaji kuwapa antibaiotiki watoto karibu 4,800 wenye uambukizo wa sikio ili kumkinga mmoja. Nadra si kamwe. Mei 2017 huko Italia mtoto wa miaka 7 alifariki hospitalini Ancona baada ya uambukizo wa sikio uliotibiwa kwa homeopathi kufika kwenye ubongo. Kwa hiyo mama wa Kito aliondoka na karatasi yenye mambo ya kumkimbiza hospitali saa yoyote: uvimbe au wekundu nyuma ya sikio, sikio kusukumwa mbele, shingo ngumu, uso kupinda upande mmoja, kutapika kusikokoma, mtoto kulegea au kuwa mgumu kuamshwa. Kwa mtoto chini ya miezi sita, homa na sikio havingojwi kabisa.

Kosa letu wataalamu pia lipo. Siku Kito alipoanza chekechea alipita kwetu kwa uchunguzi wa kawaida, tukampima kimo na uzito, tukampongeza mama. Hakuna aliyemwambia kwamba miezi michache ijayo atampata na sikio, afanye nini usiku, apige namba gani. Sasa tunayo karatasi hiyo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kituruki. Niliitafsiri ya Kiswahili mwenyewe.

Mara ya pili

Miezi saba baadaye Kito aliamka tena usiku akishika sikio. Baba alikuwa safarini, mama mkwe yupo. Mama alimpa ibuprofeni kwanza, ndipo akakaa kuongea na mkwewe. Asubuhi walimleta wote wawili. Daktari alitazama pande mbili: sikio moja tu, wekundu wa kadiri, mtoto sasa ameshatimiza miaka miwili. Tulingoja, tukampa miadi ya siku ya pili, saa tatu kamili, imeandikwa kwenye daftari. Alipona bila antibaiotiki.

Mama mkwe aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba usiku ule alimpa pia Chamomilla, na kwamba ndiyo iliyomponya. Nilimshikia mlango.